Masalu Yuko Hewani

Hii ni Redio Kambi, ikiwatangazia moja kwa moja kutoka Masumbwe, kitovu cha dunia, kupitia mnara mrefu kuliko yote Afrika Mashariki na Kati. Wasikilizaji wetu wa Ushirombo, Kahama, Mwadui na nchi jirani mnaombwa kuketi wima, kufuta kamasi na kuacha mara moja kula chaki. Aliye mbele ya kipaza sauti ni mtangazaji wenu mwandamizi, Daktari Sostenes, mwenye shahada tatu, ya nne ikiwa njiani inakuja kwa basi.

Mnara ulikuwa mpini wa fagio uliosimikwa kwenye ndoo ya mchanga. Kipaza sauti kilikuwa mwiko uliovishwa soksi yangu ya shule. Studio ilikuwa kona ya ukumbi wa parokia iliyozibwa kwa kanga mbili za shangazi yangu, na nchi jirani zilikuwa watoto thelathini na kitu, wa miaka mitano hadi minane, waliokaa kwenye mikeka wakingoja uji. Shahada sikuwa nayo hata moja. Nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu niliyerudishwa nyumbani kabla ya shule kufungwa, na sababu ya kurudishwa inastahili kuelezwa kwa heshima zake.

Shule yetu ya bweni ina spika juu ya mlango wa bwalo. Asubuhi moja sauti ya Mkuu wa Shule, pamoja na kikohozi chake na ile tabia yake ya kusema "kwa hiyo basi" kabla ya kila jambo, iliwatangazia wanafunzi kwamba masomo yameahirishwa, kwa hiyo basi kila mmoja aende bustanini akazisalimie kabichi. Nusu ya shule ilikwenda. Wapo waliozipa shikamoo. Naambiwa Mkuu mwenyewe, aliyekuwa akipiga mswaki nyumbani kwake, alisimama kidogo akajiuliza kama kuna jambo amelisahau. Ile sauti ilikuwa yangu. Sauti za watu hunijia zenyewe. Nikikusikia mara moja nimeshakubeba, na kikohozi chako pia. Baba yangu hakucheka. Alinipeleka Masumbwe kwa dada yake na kumwomba anipe kazi ya kunichosha mdomo.

Shangazi Generosa alifundisha chekechea mpaka akastaafu, na kustaafu kukamshinda. Kila likizo ya Juni hukusanya watoto wa mji ule, kwa sababu wakati huo watu wazima wako kwenye pamba au kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na mtoto asiye na wa kumwangalia huishia mialoni kunakooshwa dhahabu, akichezea matope yenye zebaki. Kila wiki ya kambi ina mada yake. Katika Wiki ya Wanyama tulitengeneza vinyago vya ng'ombe kwa maboksi, ukazuka ugomvi mkubwa kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa ndama. Katika Wiki ya Maji tulichuja maji ya bwawa kwa mchanga na mkaa ndani ya chupa zilizokatwa, na mtoto mmoja akayanywa kabla na baada, ili kulinganisha. Wiki ya tatu ilikuwa ya Mawasiliano, na shangazi alinikabidhi mimi. Alisema labda nikiwafundisha wengine jinsi maneno yanavyosafiri nitajifunza kuyashika yangu.

Jumatatu, kabla watoto hawajafika, alituketisha mimi na Eufrasia, dada aliyekuwa akipika uji, akatueleza habari za watoto kama alivyofanya kila wiki: nani ametoka kuugua malaria, nani asitaniwe kuhusu kujikojolea, nyumbani kwa nani kuna nini. Mimi wakati huo nilikuwa nikimchorea masharubu ng'ombe wa bango la wiki iliyopita. Nilisikia jina la Paskazia. Nilisikia neno "baba". Niliitikia kwa kichwa, taratibu, kama jaji, nikaendelea na sharubu la pili.

Paskazia alikuwa na miaka sita na pengo la meno mawili ya mbele. Alikuwa mtoto wa kuuliza, halafu kulipima jibu lako, kisha kukuuliza tena. Jumanne tulitengeneza simu za makopo ya nyanya, kopo huku na kopo kule, uzi wa pamba katikati. Shangazi aliwaonyesha kwamba uzi ukivutwa sauti inapita, na ukigusa kitu chochote njiani sauti inakufa. Watoto walipigiana simu kutoka ukutani hadi ukutani wakielezana mambo mazito, mengi yakiwa "haloo". Paskazia alinijia na kopo lake akauliza uzi wa kufika chini kabisa ya duara uwe mrefu kiasi gani.

Nilimjibu kwa uzito unaostahili kwamba inategemea. Kama duara linatokea China, ni lazima kwanza tupate kibali cha Wachina. Watoto waliokuwa karibu walicheka kwa sababu nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema uzi ungegusa ukuta wa duara, si ndiyo, na sauti ingekufa. Nikamwambia atakuwa injinia, nikaenda kumtoa mtoto mwingine kidole ndani ya kopo.

Jumatano ndiyo siku Redio Kambi ilipoingia hewani. Shangazi alikuwa amekwenda sokoni kufuata unga, Eufrasia alikuwa jikoni, na mimi nilikuwa nyuma ya kanga na soksi yangu. Tulianza na taarifa ya habari: mbuzi wa paroko amekula kitambaa cha altare na anahojiwa. Ikafuata hali ya hewa: vumbi, kisha vumbi zaidi. Halafu kipindi cha salamu. Kila mtoto alisimama mbele ya kanga, akasema anaitwa nani na anamsalimu nani, nami nikamjibu kwa sauti ya huyo anayesalimiwa. Walisalimu mabibi, nikawajibu kwa Kisukuma cha kutetemeka, "wangaluka, wangaluka", wakalala chali kwa kicheko. Mmoja alimsalimu mbwa wake. Mbwa alijibu.

Ilipofika zamu yake, Paskazia alisimama karibu mno, mpaka kivuli cha pua yake kikaonekana kwenye kanga.

"Namsalimu baba yangu Masalu," alisema. "Yuko kazini chini ya duara. Amechelewa. Alisema ataniletea viatu vya kuwaka taa."

Hata mtangazaji mwenye shahada tatu alipaswa kusimama hapo kidogo. Mimi niliona nafasi. Nilichukua kopo la nyanya nikalibana mdomoni ili sauti iwe ya mbali, nikaikwaruza kidogo kama ya mtu aliyevuta vumbi la mawe, nikaweka ile lafudhi ya wachimbaji wetu.

"Halo, Redio Kambi. Masalu yuko hewani. Paska mwanangu, niko chini kabisa, kuna giza, lakini nipo. Mwambie mama aniwekee ugali, nina njaa ya kula sufuria. Jumamosi natoka. Viatu ninavyo."

Nilisema Jumamosi kwa kuwa akina baba wengi hurudi mwisho wa wiki. Nilisema nina njaa ili watoto wacheke, na walicheka. Nilichungulia pembeni mwa kanga kuona kazi yangu imepokewaje. Paskazia alikuwa amesimama palepale, mikono imeshika gauni, akitikisa kichwa kukubali kila neno, kama mtu anayetumwa dukani na hataki kusahau. Nilijisikia vizuri. Nataka hilo lijulikane. Nilikunywa uji vikombe viwili.

Alhamisi Paskazia hakuja. Ijumaa asubuhi shangazi alifika akiwa amechelewa, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akakaa kwenye kiti cha mtoto bila kuona kwamba ni cha mtoto.

Alichotueleza ni hiki. Masalu, baba yake Paskazia, alifukiwa mwezi uliopita duara lilipoporomoka. Wenzake watatu walitolewa, wawili wakiwa hai. Yeye hakuonekana, na ukuta ukawa unaendelea kumeguka, hivyo uokoaji ukasimamishwa na eneo likafungwa. Mkewe alimwambia mtoto kwamba baba yuko kazini, kwa sababu hakupata namna nyingine ya kusema. Wazee wa ukoo walisubiri, kisha wakaamua kwamba Jumamosi hii wazike koti lake na buti zake, ili mjane na mama mzazi wapate mahali pa kulilia. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Jumatano jioni mtoto akarudi kutoka kambini na kusema baba ameongea kwenye redio. Yuko chini, kuna giza, ana njaa, na Jumamosi anatoka.

"Hayo ya Masalu niliwaeleza Jumatatu," shangazi alisema, "ili mmwangalie yule mtoto."

Ningependa kusema kwamba watu walicheka wakamwambia mtoto akalale. Lakini huku kwetu kila mtu anawakumbuka wale wachimbaji wa Kahama waliotolewa hai baada ya zaidi ya mwezi chini ya ardhi, wakiwa wamekula mizizi na mende, wakati familia zao zilikuwa zimeshaondoa matanga. Mtu mzima wa Masumbwe ukimwambia aliyefukiwa anaongea, haulizi kama inawezekana. Anauliza kamba iko wapi. Kila mtu alidhani ni redio ya kweli, moja ya zile za mjini zenye vipindi vya salamu, na kwamba Masalu amepata simu yenye chaji. Mtoto alirudia maneno yaleyale kila alipoulizwa, bila kuongeza wala kupunguza. Bibi yake aliusonga ugali usiku uleule na kuufunika. Kaburi likafukiwa tupu. Mwita, Mkurya aliyekuwa akichimba na Masalu na aliyetolewa hai siku ile, alikusanya wanaume na kuvunja uzio wa miiba uliowekwa kuzunguka duara. Walikuwa wameshaanza kushuka.

Shangazi alinigeukia akauliza Jumatano tulicheza nini wakati yeye yuko sokoni.

"Salamu tu, shangazi," nilisema. "Mbwa na mabibi."

Eufrasia aliniangalia. Jikoni ni mbali, na uji ulikuwa unachemka. Jumatano hakuweza kusikia kitu, ila aliniangalia. Nikachukua ufagio nikafagia mahali palipokuwa pamefagiwa.

Jumamosi nilikwenda duarani. Nilikwenda kusema. Njiani nilijipangia maneno yangu yakawa mazuri sana, yenye utangulizi, kiini na mwisho, na nilipofika niliona watu wapatao mia wamekaa chini kwenye kifusi bila kuongea. Sikuwahi kuona watu wengi namna ile wakiwa kimya. Hapo pana mdomo wa shimo mpana kama chumba, umeshikwa na magogo wanayoyaita matimba, na pembeni bomba la chuma lililokuwa likipeleka hewa chini. Mwita alikuwa akitoka na kushuka kwa kamba. Kila alipotoka alichukua nyundo, akagonga bomba mara tatu, akainua mkono. Na watu wote wakazuia pumzi. Mama aliyekuwa ananyonyesha alimziba mtoto mdomo kwa ziwa. Mwanamume mmoja alininong'oneza nizime simu.

Mke wa Masalu, Mama Paska, alikuwa amepiga magoti, sikio lake kwenye bomba. Sikuwahi kumwona kabla ya siku ile. Alikuwa kijana kuliko nilivyofikiri, na shavu lake lote upande mmoja lilikuwa jekundu kwa kutu. Bibi alikaa nyuma yake na bakuli lililofunikwa kitambaa. Paskazia alikuwa pajani kwa bibi, akitazama mdomo wa shimo kama watoto wanavyotazama mlango wa duka kabla halijafunguliwa.

Katika umati ule wote, mimi pekee nilijua kwamba sauti ile haikutoka chini. Nilisimama na siri hiyo, na nilichotakiwa kufanya ni kuinua mkono.

Paskazia aliniona. Alimwambia bibi yake kitu, na yule bibi akaniita kwa kiganja. Nilikwenda nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema ndiye huyu wa kambini, mmemfundisha mtoto kusikia redio, Mungu awazidishie. Viganja vyake vilikuwa na unga.

"Asante, bibi," nilisema.

Hilo ndilo neno nililolisema. Utangulizi, kiini na mwisho.

Mwita akagonga tena. Mkono juu. Kimya. Halafu mzee mmoja upande wa pili akasema nimesikia. Mwingine akasema hata mimi. Wimbi likapita kati ya watu, wakainuka nusu, na Mama Paska akafumba macho akalisukuma sikio lake kwenye chuma mpaka nikaogopa litachanika. Na mimi, ambaye nilijua, nilisikia. Naapa kwamba nilisikia mlio mmoja mdogo, wa mbali, kama mtu anayepiga kopo kwa ukucha. Nikawaza labda yupo. Labda nilimwita kwa bahati na ameitika. Niliishika "labda" ile kwa meno na sikusema kitu, nikawaacha washuke.

Ukuta ulimeguka mchana. Haukupiga kelele kubwa. Ilikuwa kama gunia la mahindi linalotupwa chini kutoka kwenye lori. Vumbi likapanda, kamba ikakaza, na walipomvuta Mwita goti lake lilikuwa limeelekea upande usio wake. Gogo lilimwangukia. Alipitishwa mbele yangu kwenye mlango wa ubao, uso umejaa udongo mwekundu, akiwaambia waliombeba wasiache, wabadilishane, wasiache, kwa sababu yeye alitolewa na mwenzake akabaki. Mtu wa Tarime kama yeye hana ndugu hapa hata mmoja. Alikuwa amerudi chini ya ardhi kwa ajili ya sauti yangu na kopo la nyanya.

Jumapili niliimba kwaya. Sauti ya tatu, na bila kosa.

Jumatatu ilianza wiki mpya ya kambi, Wiki ya Mbegu, na shangazi alikuwa akiwagawia watoto maharage ya kuotesha kwenye pamba yenye maji. Studio ilikuwa bado haijavunjwa. Nilikuwa ndani yake nikikusanya makopo kwenye boksi, nikipanga kuyachoma moto, ingawa hakuna mtu aliyewahi kuchoma kopo likaisha. Nikasikia hodi, na shangazi akimkaribisha mtu kwa sauti ya msibani. Nikachungulia. Alikuwa Mama Paska, amemshika binti yake mkono.

Alimwamkia shangazi kwa adabu zote, akakataa kiti. Alieleza kwa utulivu kwamba wanaume watano wako duarani sasa hivi, kamba ziko mikononi. Wamepata magogo mapya. Wako tayari kushuka, lakini huko chini njia inagawanyika. Mkono wa kushoto unafuata maji na wa kulia unafuata mwamba, na ukuta hautawavumilia wajaribu pande zote mbili. Kwa hiyo wamemtuma aje aulize. Alikuwa amekwenda kwa watu wa redio ya mjini, wakamwambia hawakupokea simu ya namna hiyo. Mtoto akasema si redio ile. Ni ya hapa.

Nilimwona shangazi akiitazama kanga, kisha mpini wa fagio kwenye ndoo, na jinsi uso wake ulivyobadilika sitaeleza.

Lakini Paskazia alikuwa ameshamvuta mama yake mpaka mbele ya studio. Alimwonyesha mahali pa kusimama, karibu, karibu zaidi. Watoto wengine waliacha maharage yao wakakaa kwenye mkeka kama walivyofundishwa.

"Kaka Sostenes," Paskazia alisema, "washa redio. Mama anataka kumuuliza baba yuko upande gani."

Niliona kivuli cha mwanamke kwenye kanga. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Watu wa aina yangu tuna ugonjwa mmoja: tukibanwa kabisa, bado tunadhani liko igizo moja zaidi litakalotutoa. Nilifikiri haraka, na nilifikiri kwa akili, ndivyo nilivyojiambia. Nikinyamaza watashuka. Nikisema kushoto watashuka kushoto, nikisema kulia watashuka kulia, na ukuta ule hauchagui. Lakini Masalu mwenyewe akisema wasishuke, hawatashuka. Uongo ulioanzisha jambo ungeweza kulizima, na hakuna atakayejua, na hakuna atakayekufa. Niliona hata ni tendo la huruma. Nilichukua kopo.

"Halo," nilisema ndani ya kopo. "Masalu yuko hewani. Mama Paska, mke wangu, msichimbe tena. Waambie waondoke. Mimi nimeshafika nilikokwenda. Zikeni lile koti. Usilie, Mama Paska."

Kivuli hakikusogea. Nilisikia harage moja likianguka sakafuni na kubingirika.

"Masalu hakuwahi kuniita Mama Paska," yule mwanamke alisema. Hakuipandisha sauti. "Hata siku moja. Aliniita Ng'wana Bujiku, kwa jina la baba yangu, hata mbele ya watu, na watu walimcheka."

Nikabaki na kopo mdomoni. Ndani yake niliisikia pumzi yangu ikienda na kurudi.

"Nani yuko humo?" alisema.

Nilitaka mtu mwingine awe humo. Nilitoa kopo mdomoni, nikasogeza kanga, nikatoka. Alinitazama kuanzia miguuni, zile kandambili zangu za bweni zenye namba, mpaka usoni, akaona umri wangu. Nadhani alitegemea mtu mkubwa. Shavu lake bado lilikuwa na alama ya lile bomba, mviringo, kama muhuri. Nikaanza kusema kwamba samahani, kwa hiyo basi, mambo ya kambi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mkuu wa Shule. Ilikuja yenyewe. Naapa ilikuja yenyewe.

"Sema kwa sauti yako," alisema.

Ilinichukua muda kuipata. Ilipotoka ilikuwa nyembamba, ya mtoto anayebalehe, na iliniaibisha kuliko nyingine zote.

"Ni mimi, mama. Naitwa Sostenes. Hakuna redio. Jumatano baba yake Paska hakuongea, niliongea mimi, kwa hili kopo. Hayo ya giza na njaa niliyatunga ili watoto wacheke. Shangazi alikuwa ametuambia habari zenu na mimi sikusikiliza. Halafu Ijumaa nikajua, nikamdanganya. Na Jumamosi nilikuja duarani, bibi akanishika mkono, na nilijua, na nilinyamaza mpaka Mwita akavunjika. Na sasa hivi nimeongea tena. Sijui yuko upande gani. Hakuna anayejua. Waambieni wasishuke."

Shangazi alikuwa ameshatoka nje, akikimbia kwa viatu vyake vya kanisani kuelekea kwenye pikipiki za barabarani, akiwaita waendesha bodaboda kwa majina. Mama Paska hakukimbia. Alikaa chini kwenye mkeka katikati ya watoto, polepole, kama aliyefika alikokuwa akienda, akaweka viganja vyake juu ya magoti, akavitazama.

Paskazia ndiye aliyenipita. Aliinua kanga kwa mkono, akaingia studio, akatazama nyuma ya boksi, akatazama ndani ya ndoo ya mchanga, akachukua makopo moja moja na kuyatia sikioni. Kisha akatoka na kopo moja, akalipima jibu langu kama alivyozoea, na akauliza tena.

"Yule baba mwingine, wa Jumatano, yuko wapi?"

"Hayupo, Paska," nilisema. "Humo nilikuwa mimi tu."